Duara Limegoma: Matatizo ya Kupima Mimea ya Bustani Dhidi ya Bakteria, kwa Walioko Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka mvua zikishakatika, kuanzia Mei hivi, simu yangu hujaa picha za visahani. Ni wanafunzi wanaoandaa miradi ya sayansi, walimu wao, na siku hizi hata watu wazima wenye shughuli zao: mama mwenye kitalu cha shubiri upande wa Uyole, kijana wa Mafinga anayechemsha sabuni ya mchaichai na kutaka kuandika "inaua bakteria" kwenye kifungashio. Swali ni lilelile: "Mwalimu, mbona haifanyi kazi?" Mimi si mwalimu, ni fundi sanifu wa maabara niliyestaafu, lakini jina limeshaganda.

Katika picha hizo nimeona kwamba mara nyingi mmea hauna kosa. Kosa ni baridi yetu, au mwinuko wetu, na mhusika hajui kwa sababu maelekezo aliyofuata yaliandikwa na mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, Njombe wametuzidi. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hilo peke yake limeharibu visahani vingi kuliko uzembe wote wa wanafunzi.

Ninaposema jaribio, nina maana ya hili: unamimina agari (kigandishi kama jeli) yenye chakula cha bakteria kwenye kisahani cha petri, unapaka bakteria kwa kijiti cha pamba hadi uso wote ufunikwe, unaweka vikaratasi vya duara vya milimita 6 vilivyonyweshwa maji ya mmea, kisha unasubiri siku moja au mbili. Bakteria wataota kila mahali, na pale walipozuiwa kuota, kukizunguka kikaratasi, patabaki pawazi. Hilo ndilo duara. Bauer, Kirby na wenzao waliiwekea njia hii utaratibu wake mwaka 1966, na maabara za hospitali zinaitumia hadi leo kuchagua dawa ya mgonjwa. Kwa vikaratasi, chujio la karatasi na panchi ya ofisini vinatosha: tundu la panchi ni karibu milimita 6 kamili.

Kabla ya kulaumu mmea, nionyeshe vinne hivi

Kikaratasi kilicholoweshwa maji safi tu. Kikaratasi kilicholoweshwa kiyeyushi ulichotumia (spiriti, kwa mfano) kisha kikakaushwa. Kikaratasi cha kitu kinachojulikana kuzuia bakteria: diski ya jentamaisini kama una rafiki kwenye maabara, au jiki iliyopunguzwa kwa maji. Na kisahani kimoja ambacho hakikupakwa bakteria kabisa. Ukinitumia picha bila hivyo vinne sina cha kukujibu, na wewe mwenyewe huna unachokijua. Maelezo yote yanayofuata yanavitegemea.

Usikate kapsuli za amoksilini za nyumbani kupata ulinganisho. Kiasi hakitajulikana, na kumzoeza mtoto kufungua dawa za antibayotiki kwa mchezo ni kumfundisha vibaya.

"Siku mbili zimepita, kisahani kiko safi kama nilivyokiacha"

Hakuna bakteria popote, hata kwenye kikaratasi cha maji. Watu hufurahi, wakidhani mmea umeua wote. Hapana. Bakteria hawakuota.

Juni hadi Agosti, sababu ya kwanza ni baridi. Usipime joto la chumba saa saba mchana jua likiwa dirishani. Acha kipimajoto hapo kisahani kilipo, ukisome saa kumi na moja alfajiri. Mbeya kinaweza kukuonyesha chini ya nyuzi 10, na Makete ambako kuna sakitu, usiseme. Kwenye joto hilo bakteria wengi wa majaribio wanajikokota au wamelala kabisa. Lenga nyuzi 25 usiku na mchana. Deli la plastiki lenye kifuniko na chupa mbili za maji ya moto zinazobadilishwa asubuhi na jioni linatosha kwa visahani kumi. Friji bovu lenye balbu ya zamani ya wati 25 ni bora zaidi. Balbu hizi mpya za LED hazitoi joto la maana, na nimewahi kumkuta mtu ameziweka tatu akishangaa. Umeme ukikatika usiku, andika saa kwenye daftari, usijifanye haukukatika.

Kuna waliogundua kwamba mashine ya kutotolesha vifaranga inafaa. Joto lake ni nyuzi 37 na ushei. Bakteria wataota haraka sana, ni kweli, lakini hilo ndilo joto la mwili wako, na vijidudu vinavyopenda mwili wako vitaota haraka vilevile. Kwa nyumbani na shuleni bakia 25. Na visahani havikai pamoja na mayai.

Kama joto ni sawa, tazama bakteria wenyewe. Wengi huanza na mtindi kwa sababu ni salama na uko dukani. Wazo zuri, ila bakteria wa mtindi wanataka sukari na hewa kidogo, hivyo kwenye agari ya kawaida wanaota kwa shida au hawaoti. Omba *Bacillus subtilis*, au ile aina ya *E. koli* isiyo na madhara inayoitwa K-12, kutoka maabara ya chuo, mwalimu akiandika barua. Mbeya na Iringa vyuo vyenye idara za sayansi vipo, huna haja ya kwenda Dar es Salaam.

Kisha agari. Ile ya kutengenezea jeli ya kula haina chakula cha bakteria, ni kigandishi tu. Agari yenye virutubisho kwa kawaida ni gramu 28 kwa lita moja, yaani gramu 7 kwa robo lita, na robo lita inatoa visahani kumi vya sentimita 9 vyenye kina cha milimita 4.

Mwisho kabisa, maji. "Maji ya betri" yanayouzwa kwa mafundi magari wakati mwingine ni maji yaliyokenekwa, wakati mwingine ni asidi. Chupa zinafanana. Chovya karatasi ya litmasi kabla hujachanganya chochote, na usome lebo, usimwamini muuzaji kwa mdomo. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha.

"Kumeota, lakini kumeota kila kitu"

Ukungu wa kijani, madoadoa ya waridi, manyoya meupe. Usifungue. Kwanza geukia kile kisahani ambacho hakikupakwa bakteria.

Kama nacho kimeota, tatizo liko kwenye kuchemsha au kumimina, na huku kwetu anza na kuchemsha. Sufuria ya kawaida haitoshi: maji ya nyuzi 94 hayaui mbegu za bakteria wa kundi la *Bacillus*, ambazo hata 100 zinaistahimili. Unahitaji presha kuka. Lakini sikiliza. Vitabu vinasema kanieneo ya paundi 15 inaleta nyuzi 121, dakika 15. Geji ya presha kuka haipimi kanieneo yote, inapima ziada juu ya hewa ya nje, na hewa ya nje ya Mbeya ni nyepesi. Paundi 15 zilezile hapa zinakupa kama nyuzi 118. Tofauti ya nyuzi tatu inaonekana ndogo, ila inatosha kuacha mbegu chache hai, na mbegu moja inatosha kuharibu kisahani. Tena presha kuka nyingi za jikoni hazifiki hata hizo paundi 15.

Suluhisho ni muda. Kwa chupa za robo lita, hesabu dakika 30 kuanzia mvuke unapotoka mfululizo kwenye vali, siyo kuanzia ulipowasha jiko. Kama presha kuka yako ni ya kanieneo ndogo, 45. Usijaze chupa zaidi ya nusu, na vifuniko vilegezwe. Ndugu zetu wa Kyela, kule chini ziwani kwenye kama mita 500, tatizo hili kwao ni dogo.

*Simama:* vali ikiziba na mvuke ukakoma ghafla huku moto unawaka, zima moto, toka chumbani, usiguse kifuniko hadi chungu kipoe chenyewe. Mpira wa kifuniko uliopasuka haufungwi kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Peleka kwa fundi.

Kama kuchemsha ni sawa, tazama kumimina. Kiangazi chetu ni vumbi na upepo. Funga madirisha, futa meza kwa spiriti, subiri ikauke kabisa ndipo uwashe taa ya spiriti, na uinue kifuniko upande mmoja tu, kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake.

Kama kisahani kisichopakwa ni safi na uchafu uko kando ya vikaratasi tu, umeuleta na mmea. Maji ya majani yaliyotwangwa mabichi yana bakteria na ukungu wake. Osha majani, loweka kwenye spiriti badala ya maji, au chuja kwa kichujio cha maikromita 0.22 kinachofungwa kwenye bomba la sindano.

*Simama:* kama mtu alipaka mate, usaha, kinyesi au uchafu wa kidonda "ili tuone dawa inavyofanya kazi kweli", jaribio limekwisha. Usifungue, usipige picha kwa karibu, usitunze. Weka kisahani kizima kwenye ndoo ya jiki kama nitakavyoeleza chini, na mwambie mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya cha karibu. Kisahani chochote kilichoota kitu usichokijua ukichukulie kuwa ni hatari, hata kama ulianza na bakteria wapole.

"Agari haigandi" na "Agari iliganda, sasa ni uji"

Haigandi: haukupima kwa mizani, au haukutikisa chupa baada ya kuchemsha, hivyo agari imekaa chini na juu ni maji. Au umechemsha agari pamoja na maji ya limao. Asidi na joto kali huikatakata. Tia kitu chenye asidi baada ya kupoa, siyo kabla.

Iliganda ikayeyuka: hiyo siyo agari, ni jelatini. Jelatini huyeyuka kwenye joto la kawaida, na *Bacillus subtilis* huila. Tatizo hili lilimsumbua Robert Koch mwenyewe, yule bingwa wa bakteria kule Ujerumani, hadi Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, alipopendekeza agari aliyokuwa akiitumia jikoni kwa jeli za matunda, mwaka 1881. Agari huyeyuka karibu na nyuzi 85, kwa hiyo hata maji yetu ya 94 yanaiweza.

Matone ya maji ndani ya kifuniko: umemimina agari ya moto kwenye chumba baridi. Subiri hadi uweze kuishika chupa bila kuungua, kama nyuzi 45 hadi 50, kisha ikiganda vigeuze visahani juu chini.

"Bakteria wameota vizuri, ila duara hakuna"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pana mengi.

Sababu inayoongoza: maji ya mmea ni mepesi. Majani manne ya mpera kwenye sufuria ya maji ni chai. Kausha majani kivulini, saga, pima gramu 10 kwa mililita 100 za spiriti, funga, tikisa mara kwa mara siku mbili, chuja, kisha acha kiyeyushi kipungue kwenye sahani pana mahali penye hewa. Tukuyu na sehemu za Rungwe ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, majani huota ukungu kabla ya kukauka. Tandaza juu ya waya mahali penye joto la jiko, si moshini. Halafu unyweshe kikaratasi mara kadhaa: kidogo, kikauke, tena kidogo. Kikaratasi cha milimita 6 hubeba kama maikrolita 20 tu, na tone moja la kawaida ni kama 50, hivyo ukidondosha tone zima linamwagika na kutapakaa. Tumia bomba la sindano la insulini: lile la mililita moja lenye alama 100, kila alama ni maikrolita 10. Alama mbili, basi.

*Simama:* spiriti inatoa mvuke unaowaka hata kwenye ubaridi wa chumba cha Mbeya. Haipunguzwi juu ya jiko la mkaa, wala la gesi, wala karibu na taa. Kwa kuharakisha, weka sahani juu ya beseni la maji ya moto nje, moto ukiwa mbali. Na gongo siyo spiriti ya maabara. Ni haramu na hujui kilichomo.

Ya pili ni kuipika dawa ikafa. Kitunguu saumu ndicho mfano. Punje nzima haina ile dawa yake, alisini. Hutengenezwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kikutane na malighafi iliyokuwa chumba kingine. Cavallito na Bailey waliitenga mwaka 1944. Ukichemsha punje nzima ndipo uponde, kimeng'enya kimekufa na huna kitu. Ponda kibichi, subiri dakika kumi, tumia saa hiyohiyo. Mwanafunzi mmoja aliniapia kwamba vitunguu saumu vya Iringa havina nguvu. Kumbe bibi yake ndiye aliyemshauri avichemshe kwanza, visinuke.

Ya tatu: kitu kipo ila hakitembei. Agari ni maji karibu yote. Mafuta ya mkaratusi au ya mchaichai hayapendi maji, hubaki yameshika kikaratasi. Molekuli kubwa nazo huenda taratibu. Badala ya kikaratasi, toboa visima vya milimita 6 kwenye agari kwa mrija uliotakaswa, jaza maji ya mmea humo. Ukitaka uhakika zaidi achana na agari: weka bakteria kwenye mchuzi safi wa virutubisho ndani ya vichupa, kila kimoja na kiwango chake cha mmea, uone kipi kinabaki cheupe na kipi kinachafuka. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe ukubwa wa duara la kitunguu saumu na la mkaratusi ukasema huyu ni hodari kuliko yule. Umepima nani anatembea vizuri.

Ya nne, umepaka bakteria wengi mno, nao wameufunika uso kabla dawa haijaenea. Maabara hulinganisha na kipimo cha McFarland 0.5, kichupa chenye ukungu wa kiwango maalumu. Huna? Shika kichupa mbele ya gazeti: mchuzi uwe na ukungu kidogo, herufi bado zisomeke. Weka vikaratasi ndani ya dakika 15 baada ya kupaka.

Ya tano ni aina ya bakteria. *E. koli* ni wa kundi la Gramu hasi, wana utando wa nje unaozuia vitu vingi vya mimea kuingia, *Bacillus* hawana. Mmea ukimzuia *Bacillus* na kumshindwa *E. koli*, jaribio lako halijaharibika. Ndivyo inavyotarajiwa.

Na inawezekana mmea hauna kitu. Hilo nalo ni jibu, liandike. Mwaka mmoja tuliletewa mfuko wa maua ya pareto na kijana aliyekuwa na uhakika, maana "yanaua kila kitu." Yanaua wadudu, kwa kuvuruga neva zao. Bakteria hana neva.

"Hata kikaratasi kitupu kina duara"

Kiyeyushi hakikukauka. Nusu saa haitoshi kukiwa na ukungu wa asubuhi. Acha vikaratasi usiku kucha kwenye sahani iliyofunikwa nusu. Kama bado, karatasi yenyewe ina dawa ya kuing'arisha, badili karatasi. Na kama kuna mafuta yenye harufu kali kwenye kisahani hichohicho, mvuke wake unapita chini ya kifuniko na kumpiga jirani. Mkaratusi ukae kisahani chake peke yake.

"Limao limeshinda dawa zote!"

Kila mwaka. Duara la limao au ndimu ni kubwa, zuri, na mara nyingi halisemi lolote kuhusu limao zaidi ya kwamba ni chachu. Bakteria wengi hawaoti kwenye uchachu huo. Siki itakupa duara pia, na hakuna anayesherehekea siki.

Pima uchachu kwa karatasi ya pH. Tengeneza maji ya siki yenye pH sawa, yaweke kando ya limao. Kisha chukua limao jingine, tia magadi ya kupikia kidogokidogo hadi povu liishe na pH ikaribie 7, weka nalo, pamoja na kikaratasi cha magadi peke yake. Duara likitoweka, ilikuwa asidi. Likibaki, hata kama limepungua, hapo una habari. Fanya hivyohivyo kwa ukwaju na nyanya.

Jambo jingine la kudanganya macho ni rangi. Maji mabichi ya majani hueneza ukijani unaofanana na duara. Geuza kisahani, tazama dhidi ya mwanga: je, bakteria wameota ndani ya ule ukijani? Wakiota, hakuna duara.

*Simama:* mabaki ya limao na siki hayamwagwi kwenye ndoo ya jiki. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ukisikia harufu kali inayokaba koo, toka nje, acha mlango wazi, usirudi "kuokoa visahani". Kifua kikibana au kikohozi kisipokoma, hospitali.

"Jana milimita 14, leo 9, na mwenzangu kapata 6"

Mwenzako hajapata kitu. Duara hupimwa kwa rula nyuma ya kisahani, kupita katikati, kikaratasi kikiwemo. 6 ni kikaratasi chenyewe. Tofauti nyingine zote, zianzie kwenye agari: ikiwa nene duara husinyaa, na meza isiyo sawa hutoa kisahani chenye upande mnene na mwembamba, duara linakuwa yai. Weka rula ya maji mezani kabla ya kumimina. Halafu majani: machanga na makomavu, ya kiangazi na ya masika, yaliyokaushwa juani na kivulini, hayafanani. Fanya visahani vitatu kwa kila mmea, andika vyote, toa wastani. Usichague kile kinachokupendeza.

"Duara lilikuwepo, kesho yake limejaa"

Mara nyingi mmea ulizuia bila kuua, au dawa imechakaa, alisini haidumu. Chagua saa moja ya kusoma, kwa nyuzi 25 tumia saa 48, usibadili.

Mimea ya kutoiingiza kwenye jaribio

Uzio wa minyaa uko kila mtaa, na kila mwaka kuna mtu anaukata. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukuondolea uwezo wa kuona. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, na uende hospitali hata kama maumivu yanapungua. Mnanaha, nyonyo na utupa, ule wa kuvulia samaki, viacheni. Vitatoa duara au havitatoa, havifai mikono ya mwanafunzi.

Kutupa

Visahani vyote, vyema na vibaya, vizamishwe kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, ukivifungua vikiwa tayari ndani ya maji, na glavu mkononi. Usiku kucha. Kisha mwaga chooni, plastiki izikwe au ichomwe na wanaohusika. Kama una presha kuka ya maabara tu, isiyorudi kupika maharage, unaweza kuvichemsha humo dakika 45 badala ya jiki.

"Duara ni kubwa na linajirudia. Niuze?"

Kisahani kimekuambia kwamba kitu fulani, kwa kiasi fulani, kinazuia bakteria fulani juu ya agari. Jiki inafanya hivyo pia. Hakijakuambia kama kinaingia kwenye damu, kama kinaumiza ini, wala kiasi gani mtu anywe. Usimpe mgonjwa, usimpake mtoto kidonda.

Sabuni yenyewe iko chini ya Shirika la Viwango. Ukiandika kwamba inatibu, umeingia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa uchunguzi wa kina, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya, na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ndiyo kazi yake. Ukienda popote kati ya huko beba daftari, siyo chupa tu: jina la mmea na sehemu iliyotumika, siku ya kuchuma, uzito, kiyeyushi, na vipimo vyote vikiwemo vya visahani vilivyoharibika.

Kijana wa Mafinga alikuwa amekwisha kuchapisha vifungashio mia tano. Yale maneno ameyafunika kwa stika ya bei.